Sherehe ya Dini Kwenye Kiwanja cha Mtu: Namna ya Kuepuka Kesi, na Namna ya Kuiendesha Ikishazuka

Kiwanja kitupu mtaani hakikai bila kazi. Ukifika Mfungo Sita huwekwa mikeka na jukwaa la maulidi. Desemba hufungwa turubai la mkesha. Katikati ya mwaka jumuiya ndogondogo husherehekea somo wao, yaani mtakatifu msimamizi, chini ya mwembe uliopo pembeni. Mwenye kiwanja yupo mkoani, au amefariki na watoto hawajafungua mirathi, au yupo hapohapo na anaona haya kukataa. Miaka inakwenda. Kisha siku moja anafika mpimaji na vijana wawili wenye mawe ya mipaka, na wiki inayofuata barua ya wakili inamkuta imamu au katekista akiwa bado na daftari la michango mkononi.

Mwongozo huu unahusu mgogoro wa namna hiyo kwa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi na Mahakama yake ya Ardhi, na Kenya ina Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Msomaji wa huko atafaidika na mantiki ya hatua hizi, lakini si kwa majina ya vyombo wala kwa muda uliotajwa. Umeandikwa kwa ajili ya pande zote mbili, yaani waumini na mwenye ardhi, kwa sababu katika mashauri haya kila upande hufika ukiamini kwamba unaonewa, na mara nyingi pande zote mbili zimekosea utaratibu.

Hatua ya kwanza: jua unagombea nini

Kabla ya kwenda popote, kaa chini uandike kwa sentensi moja jambo unalolalamikia. Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, huenda una migogoro miwili au mitatu iliyofungwa katika furushi moja, na kila mmoja una mlango wake.

Upo mgogoro wa umiliki: waumini wanasema eneo ni lao, kwa wakfu, kwa zawadi au kwa kukaa muda mrefu, na mwenye hati anasema ni lake. Huu ni mgogoro wa ardhi, na tangu mageuzi yaliyoletwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka ya kuuamua, hata kama hakimu ni muungwana na yupo umbali wa kutembea kwa miguu. Upo mgogoro wa ruhusa: hakuna anayebisha kiwanja ni cha nani, ila mwenyewe anasema aliruhusu dua ya usiku mmoja na sasa kuna kibanda cha mabati na choo kilichochimbwa. Na upo mgogoro wa kero: sherehe inafanyika kwenye uwanja wa mtu aliyekubali kwa moyo mweupe, lakini jirani hapati usingizi, gari lake halitoki getini, na mtoto wake ana mtihani asubuhi.

Mgogoro huu wa mwisho ndio unaopelekwa vibaya kuliko yote. Jirani aliyechoshwa na kelele hana sababu ya kwenda kwenye chombo cha ardhi, kwa kuwa hadai udongo. Njia yake huanza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, hupita kwa ofisa mazingira wa halmashauri kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kudhibiti kelele na mitetemo, na ikishindikana huishia kwenye mahakama ya kawaida kwa madai ya kero. Akifungua shauri la ardhi kwa ajili ya kelele, atapigwa pingamizi la awali, yaani hoja kwamba shauri halifai hata kusikilizwa, siku ya kwanza na kurudi nyumbani amelipia ada ya bure.

Kwa aina zote tatu, jambo moja halibadiliki: ondoa dini katika maelezo yako kisha uone kama bado una kesi. Katiba inalinda uhuru wa kuabudu katika ibara ya 19 na haki ya kumiliki mali katika ibara ya 24, lakini uhuru wa kuabudu haukupi haki ya kuabudia kwenye kiwanja cha mwingine bila idhini yake, wala umiliki haukupi ruhusa ya kuwavuruga watu waliokusanyika kihalali. Mtu anayeandika kwamba "mdaiwa anapiga vita dini yetu" mahali alipotakiwa kuandika "mdaiwa ameng'oa vigingi vilivyowekwa mwaka 2009" amepoteza nusu ya shauri lake kabla halijasikilizwa.

Hatua ya pili: thibitisha nani ana mdomo wa kusema

Mashauri mengi ya aina hii hufa kabla kiini chake hakijaguswa, kwa sababu aliyeyafungua hakuwa na uwezo wa kisheria wa kufungua. Msikiti hauwezi kushitaki kwa jina la msikiti, na kanisa haliwezi kushitakiwa kwa jina lililoandikwa kwenye bango lake. Chombo kinachoweza kumiliki ardhi, kushitaki na kushitakiwa ni Wadhamini Waliosajiliwa, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, na usajili wao hutunzwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa hiyo kiongozi wa kikundi anapaswa kujiuliza mapema: je, sisi tuna bodi ya wadhamini? Kama hatuna, tuko chini ya bodi ya nani? Parokia nyingi zipo chini ya wadhamini wa jimbo, na misikiti mingi ipo chini ya wadhamini wa taasisi kubwa zaidi. Barua ya idhini ya kufungua shauri inaweza kuchukua wiki kadhaa kuipata, na mgogoro hausubiri.

Upande wa pili una tatizo lake. Kama mwenye kiwanja amefariki, mtoto wake mkubwa si mwenye kiwanja, wala shangazi anayekaa na hati kabatini. Mwenye mamlaka ya kudai au kutetea mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto anayewafukuza waumini kwenye shamba la baba bila barua ya usimamizi anaweza kuwa na haki yote moyoni, lakini mbele ya chombo cha sheria ni mpita njia.

Ukishajua mtu, angalia karatasi. Kwa eneo lililopimwa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ili ujue jina lililopo leo, wala usitosheke na jina lililokuwepo wakati wa mchango wa kwanza. Kwa eneo la kijiji, uliza kama kuna hati ya hakimiliki ya kimila, na kama halmashauri ya kijiji iliidhinisha uhamisho wowote. Kwa eneo la mjini ambalo halijapimwa, tafuta leseni ya makazi au mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa. Kisha angalia matumizi ya kiwanja, jambo ambalo watu husahau: kiwanja kilichopangwa kwa makazi hakigeuki kuwa cha ibada kwa sababu kimetumika hivyo kila Jumapili. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali cha mamlaka ya upangaji kabla ya kubadili matumizi. Sherehe ya siku moja haibadilishi matumizi. Jukwaa la zege, ukuta na bango la ratiba ya ibada vinaanza kuyabadilisha.

Kwa mnunuzi, nina shauri moja la ziada. Usikikague kiwanja siku ya Jumanne pekee. Kipitie Ijumaa mchana, Jumapili asubuhi, na kama unaweza, katika msimu wa sherehe. Mikeka iliyokunjwa kwenye uma wa mti inaeleza mengi ambayo dalali hatakwambia.

Hatua ya tatu: andika ruhusa kabla turubai halijafungwa

Hatua hii ndiyo inayookoa fedha nyingi, na ndiyo inayorukwa, kwa kuwa kumtaka jirani aweke saini kunaonekana kama kumtilia shaka. Ukweli ni kinyume chake. Karatasi inamlinda mwenye kiwanja asije akaambiwa baadaye kwamba alitoa sadaka ya ardhi, na inawalinda waumini wasije wakaitwa wavamizi katikati ya dua kwa sababu mke wa mwenye kiwanja hakuambiwa. Maneno yake hayahitaji wakili. Yanaweza kuwa haya:

"Mimi, mmiliki wa kiwanja namba fulani, kitalu fulani, mtaa wa fulani, ninawaruhusu wadhamini wa taasisi fulani kutumia sehemu ya kiwanja hicho iliyo upande wa barabara, kuanzia mwembe hadi ukuta wa jirani wa kusini, kwa ajili ya maulidi ya tarehe fulani, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 6 usiku. Ruhusa hii ni ya tukio hili peke yake. Haihamishi umiliki, haiundi upangaji wala wakfu, na kila mwaka itaombwa upya. Hakutajengwa msingi, ukuta wala choo cha kudumu, na hakutazikwa mtu. Vitu vyote vitaondolewa na eneo kusafishwa kabla ya saa 6 mchana wa siku inayofuata."

Chini yake huwekwa saini ya mwenye kiwanja, saini ya mwenzi wake kama ni nyumba ya familia, saini ya kiongozi anayewakilisha wadhamini, na za mashahidi wawili, mmoja akiwa mwenyekiti wa mtaa au balozi. Nakala tatu: moja kwa kila upande, ya tatu kwenye jalada la ofisi ya mtaa. Piga picha ya eneo kabla ya tukio na baada ya tukio, simu ikiwa imewashwa tarehe.

Sentensi inayosema "kila mwaka itaombwa upya" ina uzito kuliko zote. Sababu yake itaonekana tutakapofika kwenye hoja ya kukaa muda mrefu.

Hatua ya nne: taarifa kwa polisi na kwa majirani

Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inamtaka anayeandaa mkusanyiko au maandamano mahali pa umma atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo hilo, si chini ya saa 48 kabla. Wapo wanaojitetea kwamba kiwanja ni cha mtu binafsi na kwa hiyo taarifa haihitajiki. Kwa hitma ya familia ndani ya ua, hoja hiyo ina mashiko. Kwa mkutano wa injili wenye vipaza sauti vinne vinavyoalika kila anayepita, au kwa zafa itakayozunguka barabarani kabla ya kuingia kiwanjani, ni hoja dhaifu, na hakuna faida ya kuijaribu. Peleka barua yenye mahali, saa, lengo na jina la msimamizi, ugongewe muhuri kwenye nakala yako.

Kwa majirani, barua fupi inatosha, ikitaja saa ya kuzima vipaza sauti na namba ya simu ya mtu atakayepokea malalamiko usiku huohuo. Namba hiyo ipokelewe kweli. Ugomvi mwingi wa kelele huanza pale simu ilipoita mara tano bila majibu, na mlalamikaji akaamua kwenda mwenyewe kukata waya.

Usalama wa umati ni jukumu la anayealika, na mwenye kiwanja anaweza kuvutwa ndani ya madai ikiwa aliujua ubovu wa mahali pake. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye ibada katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia mafuta ya upako. Uwanja ule haukuwa kiwanja cha mtu binafsi, lakini fundisho linahamia kwenye viwanja vyetu moja kwa moja, maana kiwanja chenye ukuta pande tatu na geti moja la futi kumi ni mtego, na mtu wa kwanza atakayeulizwa ni aliyesaini ruhusa. Hesabu njia za kutokea kabla ya kuhesabu viti.

Hatua ya tano: mgogoro ukizuka siku yenyewe

Mwenye kiwanja akifika na kukuta turubai ambalo hakuliruhusu, kitu cha kwanza anachotaka kufanya ni kulishusha. Asifanye hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu vinavyohusu dini mahsusi: kifungu cha 125 kinagusa kuharibu au kunajisi mahali pa ibada au kitu kinachoheshimiwa kuwa kitakatifu kwa nia ya kutukana dini, na kifungu cha 126 kinagusa kuvuruga mkusanyiko wa ibada uliokusanyika kihalali. Anaweza kujitetea kwamba mkusanyiko haukuwa halali kwa kuwa ulikuwa kwenye ardhi yake bila idhini, lakini utetezi huo ataufanyia kizimbani, na msahafu uliokanyagwa au msalaba uliong'olewa katika purukushani utakuwa umeshabadilisha kesi ya kiwanja kuwa kitu kingine ambacho hakuna wakili anayetaka kukishika.

Afanye hivi badala yake: amwite mwenyekiti wa mtaa kama shahidi, awaeleze viongozi kwa utulivu mbele ya shahidi huyo kwamba hakutoa ruhusa, apige picha za vigingi, waya na idadi ya watu, aandike majina ya waliozungumza naye, na atoe taarifa kituo cha polisi ili ipate namba ya kumbukumbu. Ikiwa ibada imeshaanza, aiache iishe. Saa tatu za uvumilivu hazimpotezei haki yoyote, mradi ameweka pingamizi lake kwenye kumbukumbu siku ileile. Ukimya ndio unaomgharimu.

Waumini nao wasijibu kwa kuongeza watu. Kiongozi mwenye busara atamtenga mlalamikaji pembeni, ataonyesha karatasi ya ruhusa kama ipo, na kama haipo, atakubali kwa maandishi kwamba sherehe itakwisha saa fulani na eneo litaachwa wazi, pasipo kukiri wala kukana umiliki.

Hatua ya sita: usuluhishi, ambao siku hizi si wa hiari

Kwa ardhi ya kijiji, mlango wa kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kwa maeneo mengine ni Baraza la Kata. Zamani Baraza la Kata liliamua mashauri madogo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo, na sasa kazi yake ni kusuluhisha, likikaa na wajumbe watatu ambao angalau mmoja ni mwanamke. Bado watu wanakwenda huko wakidai "hukumu", na bado yapo mabaraza yanayoandika kitu kinachofanana na hukumu. Karatasi hiyo haina nguvu ya kumtoa mtu kwenye ardhi.

Baraza likishindwa kuwapatanisha, litatoa cheti cha kushindikana kwa usuluhishi, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri lako. Sheria imeweka mlango wa dharura: siku 30 zikipita tangu shauri lifikishwe kwenye kata bila usuluhishi kukamilika, unaweza kwenda wilayani bila cheti. Kwa hiyo hakikisha una nakala ya lalamiko lako yenye tarehe ya kupokelewa, vinginevyo hutakuwa na pa kuanzia kuhesabu.

Usiende kwenye usuluhishi kama mtu anayekwenda kutimiza masharti tu. Hapa ndipo mahali pekee ambapo suluhu zisizowezekana mahakamani zinawezekana: kubadilishana sehemu ya kiwanja, kuhamishia sherehe kwenye shamba la muumini mwingine kwa msimu mmoja, mnunuzi kuacha njia ya hatua tatu kuelekea kwenye kaburi la sharifu ili ziara iendelee mara moja kwa mwaka. Chombo cha sheria kitasema nani mshindi, lakini hakitagawa mwembe. Ikiwa kuna kaburi, mnunuzi asidanganywe na mtu yeyote kwamba vibarua wanne na jembe vinatosha: kuingilia maziko ni kosa chini ya kifungu cha 127 cha Kanuni ya Adhabu, na uhamishaji wa makaburi kwa ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma una sheria yake ya mwaka 1969.

Hatua ya saba: kufungua shauri na kuomba zuio

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikiliza madai ya kurejeshewa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300; juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Katika maombi yako, eleza ardhi kiasi kwamba mgeni angeweza kuifikia: namba ya kiwanja na kitalu kama imepimwa, na kama haijapimwa, ukubwa wake na mipaka ya pande nne kwa majina ya majirani au alama za kudumu. Maombi yanayosema "eneo tunalofanyia sherehe lililopo karibu na soko" hutupwa, na yakipita kwa bahati, hukumu yake haitekelezeki, kwani dalali wa mahakama hatajua aanzie wapi.

Angalia pia kama kuna mkono wa serikali. Ikiwa serikali ya kijiji au halmashauri inadai eneo ni la wazi au ni lake, basi tangu mabadiliko ya mwaka 2020 unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungulia Mahakama Kuu. Kuiacha halmashauri nje ya shauri ili kukwepa siku 90 ni ujanja unaogunduliwa katikati ya ushahidi, wakati umeshatumia mwaka mzima.

Sherehe ina tarehe, na kesi haina haraka. Ndiyo maana ombi la zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha jambo wakati shauri linaendelea, huamua mambo mengi kuliko hukumu yenyewe. Vigezo vyake vinatumika tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kwanza, kuwepo kwa jambo zito la kuamuliwa lenye dalili kwamba mwombaji anaweza kushinda, pili, kwamba bila zuio atapata madhara ambayo fedha haziwezi kufidia, tatu, kwamba usumbufu atakaoupata akinyimwa ni mkubwa kuliko atakaoupata mwenzake zuio likitolewa.

Tazama vigezo hivyo vinavyofanya kazi. Mwenye kiwanja anayeomba kuzuia dua ya usiku mmoja atapata taabu kwenye kigezo cha pili, kwa sababu nyasi zilizokanyagwa hufidiwa. Akionyesha picha za matofali na saruji vilivyoshushwa, na barua ya michango ya ujenzi wa "jukwaa letu la kudumu", mizani inageuka. Waumini wanaoomba mwenye kiwanja azuiwe kufunga geti wiki ya sherehe wataulizwa kwa nini hawawezi kufanyia mahali pengine mwaka huo. Jibu lao liwe na vitu vya kushikika, kama vile wageni walioalikwa, makubaliano yaliyosainiwa, na gharama zilizolipwa kwa kuitegemea ruhusa. Jibu la "tumezoea hapa" halitoshi. Ombi liambatane na hati ya kiapo na, kama tarehe iko karibu, hati ya dharura. Usisubiri hadi siku mbili kabla. Anayejua tarehe ya sikukuu tangu mwaka jana kisha akaleta dharura Alhamisi jioni huonekana ameitengeneza dharura hiyo mwenyewe.

Lugha isikutishe. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kisheria. Asiye na uwezo wa wakili atafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hatua ya nane: hoja ya "tumesali hapa miaka ishirini"

Hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayoanguka mara nyingi kuliko zote. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai aliyeikalia. Waumini husikia "miaka 12" wakadhani hesabu imekwisha. Haijaanza. Anayetumia ardhi kwa ruhusa ya mwenyewe ni mwalikwa, na mwalikwa hageuki kuwa mwenye nyumba kwa kukaa sana sebuleni. Hata miaka 40 ya ruhusa ni ruhusa tu. Mahakama ya Rufani ilifafanua masharti ya umiliki wa namna hii katika rufaa namba 193 ya mwaka 2016, ambapo zaidi ya watu mia moja walikuwa wakivutana na Wadhamini Waliosajiliwa wa Masista wa Roho Mtakatifu. Anayedai lazima athibitishe, pamoja na mambo mengine, kwamba mwenye ardhi aliitelekeza, kwamba yeye aliikalia kwa dhahiri na bila idhini, na kwamba hali hiyo iliendelea bila kukatika kwa muda wote wa kisheria. Shauri lile linavutia kwa sababu taasisi ya dini ndiyo iliyokuwa ikidaiwa ardhi yake: kanuni iliwafaa masista siku ile, na kanuni ileile itaiangusha jumuiya inayotegemea kiwanja cha mtu. Isitoshe, kusherehekea mara moja au mbili kwa mwaka kisha kuondoka na mikeka ni vigumu kukuita kuikalia ardhi.

Hoja ya zawadi au wakfu ina nguvu zaidi, ila inataka ushahidi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mkataba wa kuhamisha hakimiliki hauwezi kutekelezwa kama hauko kwenye maandishi, na kwa ardhi ya kijiji halmashauri ya kijiji nayo ina neno lake. "Mzee alitamka mbele ya jamaa baada ya Ijumaa" ni kauli inayoweza kuwa ya kweli kabisa na bado isitoshe. Tafuta muhtasari wa kikao, barua, stakabadhi ya kodi ya ardhi iliyolipwa na wadhamini, au mchoro wenye jina lao. Na kama mzee yupo hai leo, mwende naye ofisini wiki hii akiwa na akili timamu na watoto wake wakiwa wanajua.

Hatua ya tisa: usiitumie jinai kupima umiliki

Mwenye kiwanja hupenda njia ya polisi kwa sababu ni ya haraka. Kuingia kwa jinai ni kosa chini ya kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu, lakini tangu mwaka 1992 Mahakama Kuu imeshaeleza kwamba shitaka hilo haliwezi kusimama ikiwa umiliki wa ardhi yenyewe unabishaniwa na haujaamuliwa kwa shauri la madai. Mfano unaojulikana wa njia hiyo ni wa Oktoba 2012, Sheikh Ponda Issa Ponda na wenzake kadhaa walipokamatwa kuhusu kiwanja cha Chang'ombe Markaz, Dar es Salaam, ambacho waliona ni mali ya Waislamu na ambacho kilikuwa mikononi mwa kampuni. Mei 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwaachia wenzake na kumpa yeye kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Novemba 2014 Mahakama Kuu ikaifuta hatia hiyo. Miaka miwili ya mahakama, mabango na magari ya polisi, na hakuna kati ya hukumu hizo iliyokuwa hati ya kiwanja. Aliyetaka kujua udongo ni wa nani alipaswa kuuliza mahali pengine.

Hatua ya kumi: kufunga jalada

Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji, kwa hiyo anayekata rufaa aombe pia amri ya kusimamisha, na anayeshinda asikimbilie kubomoa kabla ya kupata amri ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, na dalali wa mahakama aliyeteuliwa.

Mkipatana njiani, msiishie kupeana mikono nje ya jengo. Andikeni hati ya maridhiano, iwasilishwe kwenye Baraza na isajiliwe iwe tuzo, yaani amri rasmi ya Baraza, kwa kuwa mapatano ya mdomo hufa pamoja na viongozi walioyafanya, na imamu au paroko akihamishwa, mgogoro hurudi kama mpya. Hati hiyo itaje mambo madogo kwa ukubwa wake: nani anashika ufunguo wa geti, umeme unatoka kwa nani na unalipwaje, vipaza sauti vinazimwa saa ngapi, majivu ya jikoni yanamwagwa wapi, na ni siku ya ngapi baada ya sherehe shimo la mwisho la nguzo linapaswa kuwa limefukiwa. Ambatisheni mchoro wa mkono wenye vipimo vya hatua, usainiwe na pande zote, na nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kata, ndani ya jalada lenye namba, si ndani ya droo yake.